Shaba Haifanyi Kazi Peke Yake

Kipupwe kikishaingia, ukipita asubuhi barabara ya Nanyamba kwenda Tandahimba, harufu ya salfa inakupokea kabla hujauona mkorosho wenyewe. Vijana wamebeba mashine mgongoni, pua zimefungwa kwa fulana kuukuu, na vumbi la njano linapanda mpaka kwenye maua. Hiyo ndiyo vita yetu ya kila mwaka na ubwiriunga. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini mwaka 1979, ukaja kuongezea machungu ya operesheni ya vijiji iliyowaweka wakulima mbali na mikorosho yao. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takribani tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Kusini ilirudi nyuma kiasi hicho, na sehemu ya lawama ni ya kuvu isiyoonekana kwa macho mpaka iwe imeshalifunika ua zima.

Si kila shamba linategemea salfa tu. Wapo wanaonunua dawa ya maji, ile ya chupa, na kwenye lebo yake utakuta heksakonazoli, au triadimenoli, au penkonazoli. Mimi nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Mtwara mjini, na lebo hizi huwa nazisoma kwa jicho lingine kabisa. Ndani ya kila tone la dawa hizo mna pete ndogo iitwayo triazoli, na kazi ya pete hiyo, kazi yenyewe hasa, ni kushika metali. Yaani wakulima wetu wanafanya kemia ya kompleksi za metali, yaani metali iliyoshikwa na molekuli nyingine, kwa ekari na ekari, wakati wanafunzi wangu mada hiyohiyo wanaikariri kama orodha ya rangi za kujibia mtihani.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu na nina neno moja la kusema. Tukizungumzia vichocheo, yaani vile vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha, tunaisifu metali. Chuma kimefanya hivi, nikeli imefanya vile. Anayeishika metali hatumtaji. Na huyo anayeishika, ambaye wanakemia wanamwita ligandi, ndiye mara nyingi anayeamua kama metali itafanya kazi, itafanya kazi gani, au itakaa kimya. Triazoli ni mfano mzuri kuliko yote niijuayo, kwa sababu pete za jina hilo moja, mahali pamoja zinaizima metali na mahali pengine zinaiwezesha.

Pete yenyewe ni ndogo sana. Atomu tano tu: mbili za kaboni, tatu za nitrojeni, na haidrojeni tatu za pembeni. Zipo za aina mbili. Katika aina moja nitrojeni zote tatu zimefuatana, na hiyo huandikwa 1,2,3-triazoli. Katika nyingine mbili zimefuatana na ya tatu imetengwa na kaboni, nayo ni 1,2,4-triazoli. Dawa za mikorosho nilizozitaja zina hii ya pili. Kinachotuhusu ni kwamba baadhi ya nitrojeni hizo zina jozi ya elektroni isiyo na shughuli, ambayo haijatumika kuunga atomu nyingine. Metali za mpito, kama shaba, chuma, nikeli, rutheni na paladi, zina nafasi tupu zinazopokea jozi za namna hiyo. Nitrojeni inatoa, metali inapokea, kifungo kinapatikana. Alfred Werner, Mswisi aliyezaliwa Alsace, ndiye aliyeieleza habari hii ya metali kuzungukwa na vitu kwa mpangilio maalumu mwaka 1893, wakati hakuna aliyekuwa ameshaiona atomu, na ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Sasa twende kwenye kuvu. Ubwiriunga, kama kuvu nyingine, unahitaji steroli, aina ya mafuta ambayo kwa kuvu nyingi ni ergosteroli, ili utando wa seli zake ukae sawa. Ili kuitengeneza, una kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuondoa kipande kidogo cha kaboni kwenye molekuli kubwa. Kimeng'enya ni kichocheo, na moyo wa kimeng'enya hiki ni atomu moja ya chuma. Chuma hicho kimeshikwa na nitrojeni nne zilizokizunguka bapa, na kwa chini kimeshikwa na atomu ya salfa kutoka kwenye protini. Nafasi tano zimekwisha. Ya sita iko wazi, na hiyo ndiyo nafasi ya kazi, maana oksijeni inakuja kukaa hapo, inaamshwa na chuma, inakwenda kukata kipande kinachotakiwa kukatwa.

Triazoli inakuja na nitrojeni yake inakaa kwenye hiyo nafasi ya sita. Basi. Haivunji kitu, haiunguzi kitu. Imekaa tu pale oksijeni ilipotakiwa kukaa, na kimeng'enya kizima kimesimama. Steroli hiyo haitengenezwi, vitu ambavyo havijakamilika vinarundikana, utando unavuja, kuvu inashindwa kukua.

Mjomba wangu wa Tandahimba aliwahi kunipa chupa nimsomee, miwani kaiacha nyumbani.

"Salfa naijua, mwanangu," akasema. "Hii ya maji sasa, inafanya nini?"

"Inaingia ndani ya jani, mjomba. Halafu inakwenda kuziba mahali kwenye ule ukungu."

"Inaziba wapi?"

"Kwenye chuma."

Akanitazama. "Ukungu una chuma?"

"Unacho. Hata wewe unacho, kwenye damu."

Akacheka, akachukua chupa yake akaigeuzageuza. "Haya. Na maji ya kuichanganyia nayatoa wapi? Ya kunywa yenyewe hapa tunayasubiri."

Hapo hapakuwa na kemia ya kumjibu. Uwanda wa Makonde uko juu, maji yako chini sana, na anayetaka kupuliza dawa ya maji Tandahimba au Newala lazima kwanza apate hayo maji. Salfa ya vumbi haihitaji hata kikombe. Ndiyo maana imeendelea kutawala, pamoja na ubaya wake unaojulikana: mabaki yake udongoni huongeza asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuikabili. Watafiti wa Naliendele, hapo nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamelisemea jambo hilo zamani. Ukipenda kujua kwa nini teknolojia nzuri haiendi shambani, anza kuuliza habari za maji kabla hujauliza habari za elimu ya mkulima.

Pete hiyohiyo iko famasi. Flukonazoli, kidonge ambacho watu wengi wanakijua kwa matibabu ya fangasi, na ambacho wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu wamekitegemea tangu miaka ya 1990, ina pete mbili za triazoli kwenye molekuli moja. Inafanya kazi ileile, kwenye chuma kilekile, kwenye nafasi ileile ya sita. Binadamu naye ana kimeng'enya kinachofanana na hicho, ila sehemu nyingine ya molekuli ya dawa imechongwa ili ikae vizuri kwenye kimeng'enya cha kuvu na vibaya kwenye chetu. Kushika chuma ni kazi ya triazoli; kuchagua chuma cha nani ni kazi ya hiyo sehemu nyingine.

Kwa kuwa shamba na hospitali vinatumia pete moja, kuvu inayojifunza kuikwepa shambani inaweza kuja kumsumbua daktari. Hili si la kubuni. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kuipata katika mazingira ya Tanzania kuvu aina ya Aspergillus fumigatus, ambayo huingia mapafuni mwa watu wenye kinga dhaifu, ikiwa tayari sugu kwa dawa za kundi hili. Mimi si mtu wa kuwaambia wakulima waache dawa ya maji. Ila ningependa anayeuza chupa amwambie mnunuzi kwamba kupuliza dawa ya aina moja msimu mzima, msimu baada ya msimu, ni kuifundisha kuvu.

Hiyo ndiyo triazoli inayozima. Kabla sijaenda kwenye ile inayowezesha, niruhusuni nilalamike kidogo kuhusu namna tunavyofundisha.

Fungua notisi za kidato cha sita popote hapa nchini. Kwenye vichocheo utakuta chuma kwa ajili ya kutengeneza amonia, oksidi ya vanadi kwa asidi ya salfuriki, nikeli kwa kugandisha mafuta kuwa majarini. Vyote ni metali au oksidi zake zikiwa yabisi, unga unga, hazijashikwa na ligandi yoyote. Kisha, kurasa kadhaa mbele, kuna mada ya ioni kompleksi: mwanafunzi anakariri kwamba shaba ikipewa amonia nyingi inageuka buluu iliyokolea, chuma ikipewa thayosayaneti inakuwa nyekundu ya damu. Hakuna mahali mada hizi mbili zinapokutana. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba ligandi kazi yake ni kubadilisha rangi.

Ajabu ni kwamba tangu kidato cha pili ameshaitumia ligandi kwa kazi ya maana bila kuambiwa. Nazungumzia myeyusho wa Benedict, ule wa kupimia sukari kwenye biolojia. Mna mrututu, yaani salfeti ya shaba, mna kabonati ya sodiamu, na mna kitu cha tatu kinachopuuzwa siku zote: sitreti. Huwa nawaonyesha. Weka mrututu kwenye kabonati bila sitreti na shaba yote inaganda, unapata tope la buluu lenye ukijani linalotuama chini ya mrija, halina faida kwa mtu. Rudia, safari hii sitreti ikiwemo. Tope halitokei. Unapata maji ya buluu safi unayoweza kuona vidole vyako upande wa pili, kwa sababu sitreti imeizunguka shaba na kuizuia isigandane na kabonati. Halafu ponda kidonge cha vitamini C, kitie, pasha moto kidogo. Buluu inaanza kuchafuka, inapita kijani, inapita njano, inaishia rangi ya tofali. Shaba imepokea elektroni moja kutoka kwa vitamini C, imetoka kuwa shaba ya mbili, yaani iliyopungukiwa elektroni mbili, na kuwa shaba ya moja, na sasa sitreti haiwezi tena kuizuia, imejitenga kama oksidi.

Mrututu na vitamini C. Kumbuka hivyo viwili.

Mwaka 2002 maabara mbili zilizokuwa mbalimbali kabisa zilitoa karibu wakati mmoja habari inayofanana. Moja ilikuwa Denmark, ya Morten Meldal. Nyingine Marekani, California, ya Barry Sharpless na Valery Fokin. Mmenyuko wenyewe haukuwa mgeni: Rolf Huisgen, Mjerumani, alikuwa ameuchambua kwa kina tangu miaka ya 1960. Unachukua molekuli yenye azaidi, ambayo ni nitrojeni tatu zilizopangana kwa mstari, na nyingine yenye alkaini, ambayo ni kaboni mbili zilizoungana kwa vifungo vitatu. Ukizipasha moto kwa muda mrefu zinajikunja pamoja na kuwa pete ya 1,2,3-triazoli. Tatizo ni kwamba zinajikunja kwa namna mbili, unapata mchanganyiko, na kuutenganisha ni adhabu.

Meldal na wenzake walikuwa na shughuli nyingine kabisa. Walitaka alkaini imenyukane na upande mmoja wa molekuli fulani, wakiwa wameweka ioni za shaba kidogo kama kawaida. Alkaini ikaenda upande ambao hawakuutaka, ambako kulikuwa na azaidi, ikatoka triazoli. Kundi la Sharpless lenyewe lilitumia salfeti ya shaba na askobeti ya sodiamu, ndani ya maji yaliyochanganywa na alkoholi, joto la kawaida la chumbani. Askobeti ya sodiamu ni chumvi ya vitamini C. Kwa maneno mengine, kichocheo kilichotikisa kemia ya karne hii kilitayarishwa kwa mrututu na vitamini C, na kazi ya vitamini C ni ileile ninayoionyesha kwenye mrija: kuipa shaba elektroni moja iwe shaba ya moja. Kwa shaba hiyo kasi inapanda hadi mara milioni kumi hivi, na triazoli inayotoka ni ya namna moja tu, ile ya 1,4 (hapa namba zinaonyesha mahali vipande viwili vya pembeni vilipokaa kwenye pete). Ile nyingine haionekani.

Kinachotokea ndani ni hiki. Shaba ya moja inaishika alkaini ya ukingoni, ikimng'oa haidrojeni wake wa mwisho. Azaidi inakuja, nayo inashika shaba. Sasa wawili hao wamewekwa karibu, wameelekezwa upande mmoja, na pete inafunga. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba shaba zinazohusika ni mbili, si moja. Mwisho haidrojeni inarudi mahali shaba ilipokuwa, pete inaachiwa, shaba inakwenda kutafuta alkaini nyingine. Mwaka 2022 Meldal na Sharpless walipata Nobel, pamoja na Carolyn Bertozzi. Kwa Sharpless ilikuwa ya pili, ya kwanza aliichukua mwaka 2001.

Lakini sehemu ninayoipenda mimi haikupewa tuzo. Shaba ya moja ina udhaifu: hewa ikiigusa inarudi kuwa shaba ya mbili, na kazi imekwisha. Wale wa California wakaona kwamba baadhi ya mimenyuko yao ilikuwa ikienda kasi kuliko ilivyotarajiwa, hasa ile iliyozaa molekuli zenye triazoli kadhaa kwa pamoja. Zao la mmenyuko lilikuwa linageuka kumsaidia kichocheo. Triazoli zilizozaliwa zilikuwa zinairudia shaba, zinaishika, zinaizuia isiharibiwe na hewa. Mwaka 2004 wakachapisha ligandi waliyoitengeneza kutokana na uvumbuzi huo. Walianza na nitrojeni moja yenye mikono mitatu ya alkaini, wakaipa azaidi tatu, wakaiacha shaba ifunge pete tatu. Jina lake fupi ni TBTA. Angalia mzunguko huo: shaba inatengeneza triazoli, triazoli inailinda shaba, shaba inatengeneza triazoli nyingine zaidi.

Kwa nini pete tatu kwenye molekuli moja ziwe bora kuliko pete tatu zilizotawanyika? Waliowahi kukamata kaa kwenye mikoko ya Mikindani wanajua tofauti ya kubanwa na gando moja na kubanwa na yote mawili. Gando moja likilegea, la pili bado limekushika, na lile la kwanza lina nafasi ya kukurudia. Nitrojeni ya katikati ya TBTA na zile za kwenye pete tatu ziko hivyo kwa shaba. Moja ikiachia kidogo ili alkaini ipate pa kuingilia, nyingine bado zimeshika. Kushika kwa nguvu mno nako ni tatizo, maana hapo unarudi kwenye hadithi ya ubwiriunga, metali imezibwa kote na hakuna kinachoingia. Ligandi nzuri ya kichocheo inashika vya kutosha, inaachia vya kutosha.

Ukishaelewa hapo, mengine yanafuata yenyewe. Badilisha kinachoning'inia kwenye pete, na ligandi inabadilika tabia. Zipo za TBTA zilizotiwa vipande vinavyopenda maji ili zitumike karibu na seli hai, ambako shaba isiyoshikwa vizuri inazalisha oksijeni kali zinazoiua seli. Bertozzi aliamua kuiacha shaba kabisa, akatumia alkaini iliyokunjwa kwenye pete ya kaboni nane mpaka ikawa na mkazo wa kutosha kumenyuka bila msaada. Ukiunganisha triazoli na piridini, pete nyingine yenye nitrojeni, unapata ligandi ya kushika metali kwa pande mbili. Ukiunganisha na fosforasi, unapata ligandi za paladi za kuunganishia kaboni na kaboni, kazi ambayo viwanda vya dawa haviwezi kuishi bila hiyo. Na kwa sababu azaidi na alkaini zinaungana kwa urahisi hivyo, mwanakemia mmoja anaweza kutengeneza ligandi kadhaa wa kadhaa kwa kubadilisha upande mmoja tu, akazijaribu moja moja.

Ukibadilisha metali nako mambo yanageuka. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba rutheni yenye ligandi zake maalumu inaunganisha azaidi na alkaini zilezile, lakini triazoli inayotoka ni ya 1,5, ile ambayo shaba haitoi. Na mwaka 2008 kundi la Martin Albrecht likaonyesha kwamba triazoli inaweza kuishika metali kwa kaboni yake badala ya nitrojeni. Kaboni ya namna hiyo inaisukumia metali elektroni kwa nguvu kuliko nitrojeni, na iridi iliyoshikwa hivyo ilitumika kukichochea kitu kigumu kama kutoa oksijeni kwenye maji.

Kando kidogo. Kuna triazoli iliyoungana na pete ya benzini, benzotriazoli, ambayo inailinda shaba kwa namna nyingine: inajishika juu ya uso wake na kutengeneza utando mwembamba usiopitisha chumvi na unyevu. Imo kwenye baadhi ya maji ya kupozea injini za magari, na wahifadhi wa makumbusho wanaitumia kwenye vitu vya kale vya shaba. Nikifika Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, huwa nawaza sarafu za shaba za masultani wa pale, zile ambazo chache ziliokotwa mpaka visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Shaba iliyozikwa karibu na bahari kwa karne nyingi inapata kutu ya kijani inayoendelea kula hata baada ya kutolewa ardhini. Atomu tano na benzini moja zinaisimamisha, au angalau zinaichelewesha sana.

Turudi kwenye korosho, maana kuna sehemu ya korosho ambayo tunaitupa.

Mwanamke aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mafuta ya ganda. Ni ya kahawia, mazito, yanababua. Vidole vinachubuka, ngozi inakuwa nyeusi, wengine wanajipaka majivu au mafuta ya kula ili kuikinga. Ndani ya mafuta hayo kuna asidi ya anakadi, na ukiyachoma inapoteza kaboni dayoksaidi na kubaki kadanoli: pete ya fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni 15. Kwa mwanakemia hiyo ni mali. Haitokani na petroli, haishindani na chakula, na nchi yetu ni mojawapo ya wazalishaji wakubwa wa korosho Afrika. Lakini korosho zetu nyingi zinaondoka bandari ya Mtwara zikiwa na maganda yake, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam, na mafuta yanakwenda nazo.

Mwaka 2014 wanakemia wa Uskoti na Ujerumani walionyesha namna ya kugeuza kadanoli kuwa fenoli fupi zenye mikia ya kaboni mbili au tatu, ambazo mbung'o anazifuata kwa sababu anazinusa kwenye mkojo wa ng'ombe. Unaziweka kwenye mtego, mbung'o anakuja mwenyewe. Kwa mtu wa Liwale, ambako mbung'o wanatoka kwenye hifadhi na kuingia vijijini, hiyo si habari ya maktaba. Vichocheo walivyotumia vilikuwa kompleksi za paladi na rutheni, kila moja na ligandi zake. Paladi inahamisha kifungo pacha kando ya mkia, rutheni inaukata. Ziondoe ligandi, na hizo metali mbili ni unga ghali tu usiojua uanzie wapi kwenye kaboni 15. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako kuna wanakemia waliofanya kazi miaka mingi na mafuta haya ya ganda, kwa hiyo isisemwe kwamba hatuna watu.

Wanafunzi wangu wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) waliposikia habari hii waliuliza swali ambalo nililipenda: je, kadanoli yenyewe haiwezi kuwa sehemu ya ligandi? Inaweza. Ina haidroksili kwenye pete yake. Hapo unaunga kipande chenye ncha ya alkaini, unaleta azaidi, unaleta mrututu na vitamini C, na triazoli inafunga pale kwenye ganda la korosho. Mkia mrefu unaifanya molekuli ikubali mafuta, na pete ya nitrojeni iko tayari kushika shaba au paladi. Karatasini ni hatua mbili tu.

"Basi tufanye, mwalimu," akasema mmoja. "Mafuta tunayapata bure."

Mafuta ndiyo. Azaidi, hapana. Azaidi ya sodiamu ni sumu kali, ikigusana na asidi inatoa mvuke wa hatari, na ikimwagwa kwenye sinki lenye bomba la shaba au risasi inatengeneza chumvi zinazolipuka baadaye, siku fundi akija na spana yake. Hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvutia mvuke na mtu anayejua kuiharibu azaidi iliyobaki kabla haijafika kwenye bomba. Nikawaambia wakifika chuo kikuu waiombe kama mradi wa mwaka wa mwisho, na waende na mafuta yao kutoka nyumbani. Kwa sasa tuna mrututu, sitreti na amonia, na kipindi kijacho kila kundi litatayarisha mirija mitatu yenye shaba sawa na ligandi tofauti, itie vitamini C kwa pamoja, kisha iandike ni upi uliobadilika kwanza na kwa nini.